Majibu ya tezi ya shingo baada ya shambulio la moyo: yasomwe vipi, yarudiwe lini

MLETA UZI

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia ni wagonjwa wa moyo. Kuna jambo moja linajirudia kiasi kwamba nimeona nilete uzi. Mgonjwa analazwa kwa shambulio la moyo, anapimwa damu kwa mkupuo: troponini, sukari, figo, lehemu, na siku hizi wakati mwingine tezi ya shingo pia. Anapata nafuu, anaruhusiwa, na bahasha ya majibu inarudi naye nyumbani. Ndani ya bahasha hiyo kuna mistari mitatu iliyoandikwa TSH, T4 na T3, na pembeni ya mstari mmoja kuna mshale unaoelekea chini. Mshale huo haukuelezwa na yeyote, kwa kuwa wodini kila mtu alikuwa anahangaikia moyo. Baada ya wiki mbili au tatu kijana wa familia anafika dirishani kwangu na karatasi ile, ameshasoma mtandaoni, na anaomba dawa ya tezi ya baba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kipimo cha tezi kilichochukuliwa katika siku za mwanzo za shambulio la moyo kinaeleza zaidi ukali wa ugonjwa uliompata mgonjwa kuliko afya ya tezi yenyewe. Kwa hiyo, isipokuwa pale ambapo jibu limepotoka sana au mgonjwa ana dalili za wazi, lisitumike peke yake kuanzisha dawa wala kusimamisha dawa aliyokuwa anaitumia. Papo hapo lisitupwe, kwa sababu wapo wagonjwa ambao tezi yao ina ugonjwa kweli, na ugonjwa huo unauchosha moyo uleule tunaojaribu kuuokoa. Linatakiwa kurudiwa mgonjwa akishatulia, na hapo ndipo tunaposhindwa.

Tuanze na namna tezi inavyofanya kazi, maana bila hapo mshale hausomeki. Tezi ya shingo hutengeneza kwa wingi homoni ya T4, ambayo ni kama akiba. Homoni inayofanya kazi yenyewe kwenye seli ni T3, na takriban asilimia 80 ya T3 mwilini haitoki moja kwa moja kwenye tezi. Hupatikana nje yake, hasa kwenye ini, figo na misuli, kwa T4 kuondolewa chembe moja ya madini joto. TSH hutoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo iongeze au ipunguze kazi. Mtu asiye na ugonjwa mwingine mkali akiwa na tezi iliyolegea, TSH hupanda. Tezi ikizidisha, TSH hushuka. Maabara nyingi huchukulia TSH ya kati ya 0.4 na 4 kuwa ya kawaida, ingawa mipaka hutofautiana kidogo kulingana na mashine, na kwa wazee kiwango cha juu kidogo ya hapo si ajabu.

Sasa mtu anapopata shambulio la moyo, mpango huo wote hubadilika ndani ya siku moja hadi tatu. Vimeng'enya vinavyogeuza T4 kuwa T3 hupunguza kasi. Kimeng'enya kingine, ambacho kazi yake ni kuizima homoni, huongezeka, hata kwenye msuli wa moyo uliokosa hewa. T4 badala ya kuwa T3 hugeuzwa kuwa umbo lake la kinyume lisilo na nguvu, hivyo T3 inashuka huku T4 ikibaki ilipokuwa au ikisogea kidogo tu. TSH, ambayo ungetegemea ipande kulalamikia upungufu huo, mara nyingi hukaa palepale au hushuka. Baadaye mgonjwa anapopata nafuu, TSH inaweza kupanda kupita kiwango cha kawaida kwa muda, kisha ikarudi yenyewe. Fikirini basi: damu ikichukuliwa siku ya pili, karatasi itasema jambo moja, ikichukuliwa wiki ya tatu, itasema jambo lingine, na tezi ni ileile, haijaguswa na ugonjwa wowote.

Hali hii haitokani na moyo pekee. Mgonjwa wa nimonia kali, aliyeungua moto, aliyefanyiwa upasuaji mkubwa, hata aliyefunga kula kwa siku nyingi, wote huonyesha T3 ya chini kwa namna hiyohiyo. Wapo wanaoiona kuwa njia ya mwili kubana matumizi wakati wa dhiki, na wapo wanaoiona kuwa madhara yanayoongeza udhaifu wa moyo. Mjadala huo bado haujafungwa, na mimi sitajifanya naufunga hapa.

Kilicho wazi ni kwamba T3 ikishuka sana, hali si nzuri. Mwaka 2003 watafiti wa Pisa nchini Italia, wakiongozwa na Giorgio Iervasi, walichapisha taarifa ya wagonjwa 573 wa moyo, wakaonyesha kuwa T3 ya chini ilikuwa miongoni mwa viashiria vyenye nguvu kubwa vya kutabiri nani angefariki. Tafiti nyingine baada ya hapo zimeelekea upande huohuo, zikiwemo za wagonjwa wa shambulio la moyo. Kwa hiyo daktari akiiona T3 iliyoporomoka anayo sababu ya kumwangalia mgonjwa huyo kwa jicho la karibu zaidi, kumfuatilia kwa kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na kuhakikisha dawa zake za moyo haziruki hata siku moja.

Hapa ndipo swali la kijana wa dirishani linapokuja kwa haki kabisa: kama T3 imeshuka na kushuka kwake ni dalili mbaya, kwa nini tusiiongeze kwa dawa? Swali hili si la kijana peke yake, maana wataalamu wamelifanyia kazi kwa miaka mingi, na historia yake inafaa kujulikana. Kuanzia mwaka 1966 kulikuwa na jaribio kubwa nchini Marekani lililowahusu wanaume waliokwisha kupata shambulio la moyo. Kundi moja lilipewa dekstrothairoksini, dawa yenye undugu na homoni ya tezi, kwa matumaini kwamba ingeshusha lehemu na hivyo kuzuia shambulio la pili. Lehemu ilishuka kweli. Lakini vifo katika kundi hilo vilikuwa vingi kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, na mwaka 1972 ikatangazwa kuwa kundi hilo limesimamishwa kabla ya wakati. Mimi huwakumbusha wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu inaonyesha waziwazi kwamba namba nzuri kwenye karatasi inaweza kwenda sambamba na jeneza.

Karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 2020, yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililoitwa ThyrAMI-2. Wagonjwa 95 kutoka hospitali 6, ambao walikuwa wamepata shambulio la moyo na ambao TSH yao ilikuwa imepanda kiasi huku T4 ikiwa ya kawaida, waligawanywa kwa kura: wengine walipewa levothairoksini (homoni ya T4 iliyotengenezwa kama dawa), wengine kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 52. Dozi ilianza na maikrogramu 25 na kurekebishwa kwa kufuata TSH. Mwisho wa mwaka walipimwa nguvu ya ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, kwa mashine ya sumaku (MRI). Tofauti ya maana kati ya makundi mawili haikuonekana. Jaribio lilikuwa dogo na halikukusudiwa kuhesabu vifo, lakini kwa mtu anayetaka kuanzisha dawa hiyo ili moyo upate nguvu, hilo ndilo jibu bora tulilonalo kwa sasa. Majaribio ya kuwapa wagonjwa T3 yenyewe mara baada ya shambulio yamefanyika pia, yote madogo, na hayajatoa ushahidi wa kubadili tiba.

Nisieleweke vibaya nikadhaniwa nasema tezi haina uhusiano na moyo. Uhusiano upo, tena wa damu. T3 huamua kasi ambayo msuli wa moyo unajikaza na kulegea, na hulegeza mishipa midogo ya mwili. Tezi ikilegea kwa ugonjwa halisi, mapigo hupungua, presha ya chini (ile namba ya pili kwenye kipimo) hupanda, lehemu mbaya hujaa kwa sababu ini linashindwa kuiondoa kwenye damu, na mishipa ya moyo hukakamaa kabla ya wakati. Utafiti wa Rotterdam uliochapishwa mwaka 2000, uliowahusu wanawake 1,149 wa umri mkubwa, uliona kwamba hata ulegevu mdogo wa tezi uliendana na kukakamaa kwa mishipa na historia ya shambulio la moyo. Mwaka 2010 takwimu za watu 55,287 kutoka tafiti 11 ziliunganishwa, na picha ikawa sahihi zaidi: hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipanda hasa kwa wale ambao TSH yao ilifika 10 na kuendelea. Mwenye TSH ya 5 au 6 hatari yake haikutofautiana sana na ya mtu wa kawaida. Ndiyo maana namba 10 husikika sana kliniki.

Upande wa pili, tezi inayozidisha kazi huufanya moyo ukimbie usiku na mchana, huongeza mahitaji yake ya hewa, na huweza kuleta mapigo yasiyo na mpangilio. Mgonjwa mwenye mshipa wa moyo uliobana hawezi kumudu mbio hizo.

Kwa sababu hiyohiyo, levothairoksini kwa mgonjwa wa moyo huanzwa chini: maikrogramu 25 kwa siku, wakati mwingine 12.5, na kuongezwa taratibu kila baada ya wiki 4 hadi 6. Sijasahau mzee mmoja, mvuvi mstaafu, ambaye wiki chache baada ya kutoka wodini alinunuliwa kwenye duka moja la dawa vidonge vya maikrogramu 100 na kuanza navyo moja kwa moja, hakuna aliyemwandikia. Alikuja kwetu anashika kifua, mikono ikitetemeka, mapigo yake ukiyagusa kwenye kiwiko cha mkono yanapiga bila mpangilio. Karatasi iliyosababisha yote hayo ilionyesha T3 ya chini kidogo, TSH ya 2.1, na T4 ya kawaida kabisa. Damu ilikuwa imechukuliwa siku ya tatu ya kulazwa. Vidonge vilisimamishwa, alirudishwa kwa daktari, na tulipompima tezi baadaye majibu yote yalikuwa mazuri.

Kuna pia mambo ya wodini yanayoweza kulipotosha jibu hata kabla hatujafika kwenye ugonjwa. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo wagonjwa wengi wa shambulio la moyo huchomwa, inaweza kuifanya T4 ionekane imepanda maabara wakati ndani ya mwili haijapanda. Dopamini na dawa za jamii ya kotisoni huishusha TSH. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi anaweza kupata jibu linalofanana na la tezi inayozidisha, kwa sababu biotini huvuruga namna baadhi ya mashine zinavyosoma. Na mgonjwa aliyepelekwa Dar es Salaam akafanyiwa uchunguzi wa mishipa ya moyo kwa dawa ya rangi, amechomwa kiasi kikubwa cha madini joto kwa mara moja. Tezi yenye rovu la muda mrefu inaweza kuyumba kwa wiki kadhaa baada ya hapo.

Kwa hiyo ninachoomba ni kitu kidogo: kwenye karatasi ya kuruhusiwa iandikwe tarehe ya kurudia kipimo cha tezi, si chini ya wiki 6 tangu mgonjwa apate nafuu, kwa kila ambaye jibu lake la wodini lilikuwa nje ya kiwango. Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI KUTOKA NANSIO

Asante sana kwa uzi huu. Baba yangu ana miaka 63, alipata shambulio la moyo mwezi wa pili, akalazwa Mwanza mjini, na sasa yupo nyumbani Ukerewe. Karatasi yake inasema T3 iko chini, TSH 1.8. Baba mdogo anasisitiza kwamba ni kwa sababu ya ugali wa udaga tunaokula tangu utotoni, na ameagiza aache mihogo kabisa na awekewe chumvi nyingi kwenye chakula ili apate madini joto. Mama anasita. Tunaomba ushauri wako.

MLETA UZI

Pole sana kwa mitihani ya mzee, na umfikishie shikamoo yangu. Mama ana haki ya kusita, na chumvi ndiyo ningeizuia kwanza. Mgonjwa aliyetoka kwenye shambulio la moyo anatakiwa apunguze chumvi, maana presha na kujaa kwa maji mwilini ni maadui wake wa karibu. Madini joto anayohitaji mtu mzima ni takriban maikrogramu 150 kwa siku, na kiasi hicho hupatikana kwenye chumvi kidogo tu ya pakiti iliyowekwa madini hayo. Kuongeza chumvi hakumwongezei tezi, kunamwongezea presha.

Kuhusu udaga, baba mdogo ana msingi fulani. Muhogo mchungu una kemikali ambazo mwilini huzaa kitu kinachozuia tezi isivute madini joto, na mahali ambapo muhogo haukuandaliwa vizuri na madini joto ni haba, rovu huwa jingi. Lakini kuloweka, kuchachusha na kuanika juani, kama mama zetu wanavyofanya udaga, huondoa sehemu kubwa sana ya sumu hiyo. Na zaidi ya hapo, tezi iliyozuiwa na muhogo kiasi cha kulegea ingejitambulisha kwa TSH kupanda. TSH ya mzee ni 1.8. Kwa maelezo uliyoyatoa, hiyo ni sura ya mwili uliokuwa katika dhiki. Ale udaga wake kwa kiasi, mboga za majani na sato au sangara wa kuchemsha, na dagaa wasiokolezwa chumvi.

Nikuongezee jambo moja linalotuhusu sisi watu wa ziwani. Wengi tunaamini kwamba mla samaki hawezi kukosa madini joto. Imani hiyo inafaa kwa samaki wa baharini. Samaki wa maji baridi wana madini joto machache mno ukilinganisha nao, hivyo chumvi yenye madini joto inabaki kuwa muhimu hata kwa nyumba inayokula samaki kila siku. Itunzwe kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na moto na unyevu, maana madini hayo hupotea.

Mzee arudie TSH atakapokuja kliniki. Kama jibu litakuwa la kawaida, suala la tezi liishe hapo.

MCHANGIAJI, MUUGUZI, SENGEREMA

Nakubaliana na hoja yako kuu, ila nina wasiwasi kwamba watu watasoma uzi huu na kuondoka na wazo kwamba kipimo cha tezi hakina maana. Tuna wagonjwa wanaotumia amiodaroni baada ya shambulio kwa sababu ya mapigo kuvurugika. Je, hao nao wasubiri?

MLETA UZI

Umegusa mahali penyewe, dada yangu, na nakushukuru. Mgonjwa wa amiodaroni hasubiri kitu. Kidonge kimoja cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za madini joto, na mwili huachia takriban miligramu 6 kati ya hizo kila siku, yaani mara 40 ya mahitaji ya mtu mzima. Wapo ambao tezi yao hulegea kwa wingi huo, na wapo ambao tezi huripuka na kuzidisha kazi, hasa katika maeneo yaliyokuwa na upungufu wa madini joto na kwa wenye rovu. Mbali na madini joto, dawa yenyewe inaweza kuzijeruhi seli za tezi, homoni iliyokuwa imehifadhiwa ikavuja kwenye damu. Aidha, amiodaroni huzuia ugeuzaji wa T4 kuwa T3, kwa hiyo karatasi ya mgonjwa huyo itakuwa na T4 iliyopanda kidogo na T3 iliyoshuka kidogo hata kama hana tatizo.

Utaratibu unaofaa ni kupima TSH na T4 kabla ya kuanza dawa au mapema iwezekanavyo, kisha kila baada ya miezi 6, na hata baada ya kuacha, kwa kuwa dawa hii hukaa mwilini kwa miezi. Wewe muuguzi una nafasi ambayo mimi sina: unamwona mgonjwa kila anapokuja kupimwa presha. Aliyekuwa ametulia na amiodaroni, kisha ghafla anapungua uzito, anatokwa jasho, na mapigo yaliyokuwa yamenyooka yanavurugika tena, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Asiambiwe ni moyo tu unasumbua. Na akiwa anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tezi ikizidisha kazi damu yake inakuwa nyepesi kuliko ilivyopangwa, hivyo INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, ifanywe haraka.

MCHANGIAJI KUTOKA IGOGO

Mkuu, nakuheshimu, lakini naona unatetea matumizi ya fedha yasiyo ya lazima. Kama unasema jibu la wodini haliaminiki, basi hospitali ziache kupima tezi kwa wagonjwa wa moyo. Vipimo hivyo vitatu familia inalipa kutoka mfukoni, na sasa unawaambia walipe mara ya pili. Mtu wa kipato cha chini aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya matibabu, utamwambiaje alipie tena kipimo ambacho huenda kisibadilishe chochote?

MLETA UZI

Hoja yako ni nzito na sitaikwepa. Nakubaliana nawe kwamba kumpima tezi kila anayelazwa kwa shambulio la moyo, kwa mazoea, bila sababu, hakumsaidii mgonjwa, na T3 hasa ni kipimo ambacho wodini mara nyingi hakibadilishi tiba. Fedha hiyo ingemnunulia mgonjwa atovastatini, dawa ya kushusha lehemu, ya miezi kadhaa, na faida ya atovastatini baada ya shambulio la moyo haina ubishi.

Wapo hata hivyo ambao kuwaacha bila kupimwa ni kuwadhulumu. Mwenye rovu linaloonekana au kovu la upasuaji shingoni. Aliyekuwa anatumia dawa za tezi kabla. Aliyeingia na mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hayana maelezo. Mwenye presha ya mwili iliyo chini, joto la mwili lililoshuka, ngozi kavu, sauti nzito, na mapigo ya 45 kwa dakika ambayo hayaelezwi na dawa. Na kuna kundi moja ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahaulika kuliko yote: mgonjwa ambaye lehemu yake inagoma kushuka ingawa anameza dawa yake kwa uaminifu, au ambaye misuli inamuuma sana tangu aanze dawa za lehemu. Tezi iliyolegea hupandisha lehemu, na pia humfanya mtu awe mwepesi kuumwa misuli kwa dawa hizo. Nimeona dozi ya dawa ya lehemu ikiongezwa mara baada ya mara, mgonjwa akilalamika mapaja hayamwachi kupanda ngazi, na tiba yake halisi ilikuwa levothairoksini. Huyo kipimo kimoja cha TSH kingemwokolea fedha nyingi.

Kuhusu gharama ya kurudia, anayerudia hahitaji vipimo vyote vitatu. TSH peke yake inatosha kwa kuanzia, na T4 iongezwe kama TSH imetoka nje ya kiwango au kama mgonjwa anatumia amiodaroni. Ukiwa na bima, muulize daktari aandike sababu kwenye fomu.

MCHANGIAJI KUTOKA IGOGO

Hapo tumeelewana. Ningeomba tu ulisisitize hilo la TSH peke yake, kwa sababu wengi wetu tukifika maabara tunaambiwa kifurushi kizima.

MLETA UZI

Nalisisitiza. Na mwenye karatasi ya daktari iliyoandikwa TSH pekee ana haki ya kupimwa TSH pekee.

MCHANGIAJI KUTOKA NYEGEZI

Shikamoo mwanangu sikujui umri, basi nikusalimu tu habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 58. Niliondolewa tezi miaka mingi iliyopita na natumia levothairoksini maikrogramu 100. Mwaka jana nilipata shambulio la moyo. Tangu hapo natumia aspirini, atovastatini, bisoprololi, na nimeongezewa vidonge vya kalisi na vya kuongeza damu. Asubuhi nameza zote kwa pamoja na chai ya maziwa ili nisisahau. Kipimo changu cha wiki iliyopita TSH ni 14. Jirani ameniambia niache ile ya tezi kabisa kwa kuwa umesema hapo juu inaua watu wa moyo.

MLETA UZI

Shikamoo mama. Tafadhali usiiache dawa hiyo hata kwa siku chache, na jirani umweleze kwa upole kwamba habari ya mwaka 1972 iliwahusu watu ambao tezi zao zilikuwa nzima na walipewa dawa ya aina nyingine kwa sababu ya lehemu. Wewe huna tezi. Levothairoksini kwako ni homoni ambayo mwili hauwezi kuitengeneza tena, na ukiiacha moyo wako utadhoofika, lehemu itapanda, na mwili utajaa. Pia shambulio lako ni la mwaka jana, hivyo TSH ya 14 ya sasa haiwezi kusingiziwa wodi. Hiyo ni dalili kwamba dawa haikufikii yote.

Na kwa namna unavyozimeza, naona sababu. Kalisi na vidonge vya kuongeza damu hushikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu, na maziwa nayo huchangia. Kabla mtu yeyote hajakuongezea dozi, jambo ambalo kwa mgonjwa wa moyo halifanywi kwa haraka, badilisha saa za kumeza. Levothairoksini imezwe alfajiri peke yake kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, kisha usubiri angalau dakika 30, ikiwezekana saa nzima, ndipo unywe chai. Aspirini na bisoprololi zifuate na chakula kama ulivyoelekezwa kliniki. Kalisi na vidonge vya damu visogezwe mbali, angalau muda wa saa nne baada ya levothairoksini. Watu wengi huona chakula cha mchana na cha jioni vinafaa. Atovastatini unaweza kuimeza usiku.

Namba hiyo ya 14 daktari wako wa kliniki aione wiki hii, usisubiri tarehe ya kadi, na umweleze kwa maneno hayohayo uliyoniandikia kwamba ulikuwa unameza zote kwa pamoja. Akiridhia ubaki kwenye dozi ileile, TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, maana homoni hii huchukua wiki kadhaa kutulia na ukipima mapema utapata jibu la kudanganya. Ukisikia moyo unakwenda mbio, kifua kinabana au pumzi inakata katika kipindi hicho, nenda hospitali mara moja bila kusubiri kipimo. Majibu mapya ukiyapata na ukapenda kuyaleta hapa tuyasome pamoja, funika jina lako na namba ya faili kabla ya kupiga picha, na uandike saa uliyomeza dawa siku ile uliyotolewa damu.